Nestory Kazumba na Ufunguo wa Tatu

Baba Paroko, wazee wetu wa Mwazye, majirani mliotoka Sumbawanga mjini alfajiri kwa basi na kwa bodaboda, wanajumuiya na wafiwa wenzangu, nawasalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mwalimu Yusto Kazumba, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenichagua nisome maisha ya mdogo wetu Nestory kabla hatujampeleka makaburini, kazi ambayo jana niliikataa mara mbili na mara ya tatu nikaipokea, kwa sababu niliona nikiikataa tena nitakuwa nimekimbia kwa mara ya pili.

Karatasi niliyoandikiwa na baraza la ukoo ni ya ukurasa mmoja, nayo inairuka miaka miwili mizima. Najua wengi mliopo hapa ni wanachama wa kikundi chetu cha akiba cha Tuinuane, najua mnasema marehemu alikula fedha zenu, na najua kwamba juzi viongozi wa kikundi walimfuata shemeji yangu Bertilla akiwa bado amekaa chini kwenye mkeka, wakamwomba nyumba ya Sumbawanga, anamoishi na watoto, iandikwe kuwa mali ya kikundi mara tu matanga yakianuliwa. Kwa hiyo nitaisoma karatasi hii kama ilivyo, na pale inaporuka mimi nitashuka nitembee kwa miguu, na ninaomba mnivumilie.

Marehemu Nestory Urbano Kazumba alizaliwa tarehe 14 Septemba 1984 hapa hapa Mwazye, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Urbano Kazumba, aliyefariki mwaka 2001, na mama Stefania, aliyemfuata Januari 2024, naye Nestory akabatizwa katika parokia hii mwezi mmoja baada ya kuzaliwa. Alikuwa mtoto mkimya mwenye kuhesabu kila kitu, magunia, kuku, hatua za kutoka nyumbani hadi kisimani, na mimi niliyemzidi miaka tisa nilimbeba mgongoni sana, jambo ambalo nilimkumbusha maisha yake yote kila aliponizidi kwa hoja.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akaendelea na sekondari mjini Sumbawanga kuanzia 1999 hadi 2002, kisha akaenda Mbeya kusomea cheti cha uhasibu, akahitimu Novemba 2004. Januari 2005 aliajiriwa na mnunuzi mmoja wa mahindi mjini Sumbawanga kuwa karani wa mizani, na wakulima waliouza pale watakumbuka kwamba kwenye mizani yake gunia lilikuwa na uzito uleule asubuhi na jioni, sifa ambayo katika biashara hiyo si ndogo. Mwaka 2009 alianza kununua na kuhifadhi mahindi yake mwenyewe, akikusanya Mwazye, Kate na Chala.

Tarehe 22 Oktoba 2011 alifunga ndoa takatifu huko Kate na Bertilla, binti wa mzee Marselino, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lydia aliyezaliwa 2012, Enock 2015 na Salome 2019. Kwenye harusi hiyo mimi ndiye niliyekuwa msemaji, nikazungumza saa nzima juu ya utii kwa wakubwa, na marehemu alicheka hadi akatoa machozi.

Sasa kila Mfipa aliyewahi kushika jembe anajua kwamba mahindi hayauzwi mwezi wa saba, maana mwezi wa saba kila mtu anauza, yanatiwa dawa ya dumuzi, yule mdudu anayeyatoboa, yanafungiwa ghalani, na mwenye subira huyatoa Februari bei ikiwa juu. Hivyo ndivyo baba alivyotulea na ndivyo nilivyowafundisha watoto wenu darasani. Lakini msimu wa mwaka 2013 bei ilishuka, ikashuka tena Januari, na Februari ikazidi kushuka, marehemu akasubiri kama alivyofundishwa, na alipouza Aprili 2014 alipata nusu ya alichonunulia, gunia moja kati ya manne likiwa limeshakuwa unga wa dumuzi.

Mwaka huo alifanya kazi ya ukarani kwenye mnada wa ng'ombe, na huko ndiko alikofahamiana na mzee Shigela, mfugaji aliyehamia kwetu na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, yule pale amekaa karibu na jiko, shikamoo mzee. Marehemu alinisimulia mara nyingi kwamba mzee huyu alimfundisha biashara kwa maneno machache kuliko chuo kizima, alimwambia, "Ng'ombe anayenenepa humuuzi, unamwacha aendelee, ila anayeanza kukonda unamuuza leo, hata kama ulimnunua ghali, maana ng'ombe hajui ulimnunua bei gani." Marehemu aliyaandika maneno hayo, na mwaka 2016 aliponunua kompyuta na kujifunza biashara ya masoko ya dunia, ya sarafu, dhahabu na nafaka, ambayo mtu hununua na kuuza bei bila kuona gunia, aliingia nayo.

Wengi mnadhani biashara ile ni kamari, na kwa wengi ni kamari kweli, lakini yeye aliiendesha kama karani wa mizani. Hakutabiri bei, aliifuata tu, ikipanda hupanda nayo, ikigeuka hushuka, na kabla hajanunua chochote aliandika kwanza bei atakayotokea endapo amekosea, akiiita kikomo, akaiwekea amri kwenye kompyuta ili ijiuze yenyewe, na hakukubali biashara moja imuumize zaidi ya sehemu moja kwa mia ya mtaji. Miaka miwili alifanya kwa fedha kidogo mno, mkewe akimtania kwamba anacheza duka la watoto, na kuanzia mwaka 2018 ada za shule na bati za nyumba ya Sumbawanga zilitoka humo.

Hapa ndipo karatasi inaporuka, inasema tu kwamba marehemu "alishiriki shughuli za maendeleo ya jamii", nami nashuka.

Juni 2022 kikundi cha Tuinuane, chenye wanachama arobaini na mmoja, mwenyekiti akiwa mzee Adriano na katibu nikiwa mimi, kilimwomba marehemu aendeshe akiba yetu katika soko lile. Yeye hakuomba, sisi ndio tuliomwomba, na mimi ndiye niliyetumwa. Mnajua sanduku letu lina kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu ambao majina yao hayatajwi ili wasivamiwe na wezi, basi tukaona busara kuifunga akaunti vivyo hivyo, neno la siri la kuifungulia likakatwa vipande vitatu, kila kipande kwa mtu wake, na laini ya simu ya kulibadilishia kila likishatumika, ili mtu mmoja asilikariri lote, ikakabidhiwa mmoja wao, wote watatu wakala kiapo cha kutotajana. Tulijiona werevu sana. Mwanzoni hakukuwa na shida, kwa sababu marehemu alikuwa akikusanya vipande vyote, anafungua, ananunua na kuweka kikomo papo hapo, kisha hata akaunti ikifungwa kikomo kinabaki kazini.

Hadi Januari 2023 alikuwa ameingia sokoni mara kumi na tisa, kumi na nne akatoka na hasara ndogo, tano akatoka na faida kubwa, na zile tano zilizimeza zile kumi na nne na kuongeza mtaji wetu karibu sehemu moja ya tano. Lakini sisi hatukusikia jumla, tulisikia kila mwezi neno hasara, na mkutano mkuu wa mwezi huo ulichafuka. Mzee Adriano alisimama akasema, "Mvumilivu hula mbivu, huyu kijana anatuchumia mbichi," watu wakapiga makofi, nami katibu nikaandika kwa mkono wangu kanuni mpya, kwamba mali ya kikundi isiuzwe bila wenye funguo wote watatu kukubaliana, na kwamba vikomo vyote viondolewe.

Marehemu aliomba ajiuzulu siku ileile. Nilimfuata hadi getini nikamwambia, "Mdogo wangu, ukiondoka leo watasema umeiba, na jina hilo si lako peke yako, ni la baba." Akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, nifungwe kwa ajili ya jina?" Nikamjibu ndiyo. Akarudi ndani akakaa. Tangu siku hiyo kujiuzulu kulikuwa kukiri wizi, na kubaki kulikuwa kuendesha gari ambalo breki zake anazo mtu mwingine, na aliyemweka hapo ni mimi kaka yake.

Mwezi Mei wanachama mlidai tuingie kwenye kitu tunachokijua, mkasema dhahabu na sarafu ni mambo ya Wazungu, sisi ni watu wa mahindi. Bei ya mahindi ya dunia ilikuwa imeanza kupanda, hivyo kwa kanuni zake haikuwa vibaya, akanunua kidogo. Ikapanda. Katikati ya Juni mkafurahi, kamati ikaamuru aongeze mara mbili, kisha mara mbili tena. Alitueleza kwamba soko lile linamruhusu mtu kubeba mzigo mara nyingi kuliko mtaji wake, kwamba kwa mzigo huo bei ikirudi nyuma hata sehemu moja tu ya tano hatutabakiwa na kitu, na kwamba bila kikomo hiyo si biashara tena, ni kujitundika. Tukamwambia ana woga. Siku ya kuongeza, vipande vitatu vya neno la siri vilipatikana kabla chai haijapoa, na sisemi marehemu hakuwa na kosa, kosa lake ni kwamba siku hiyo na yeye alitoa kipande chake. Alichoka kubishana na ndugu.

Ijumaa ya tarehe 23 Juni 2023 alitupigia simu kwamba bei imegeuka, bado tuna faida, tutoke leo. Mwenye ufunguo wa pili, mama Josefina, mhazini wetu, alimpa kipande chake ndani ya dakika tano, na kiapo chake nimekuja kumwondolea leo mbele yenu. Mwenye ufunguo wa tatu, na laini ile ya simu, hakupokea.

Mwenye ufunguo wa tatu ni mimi.

Nilizima simu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, nilizima kwa kukusudia, kwa sababu niliamini ninamlinda mdogo wangu na haraka yake, kwani tangu lini Mfipa akauza mahindi mwezi wa sita? Jumamosi alfajiri nikapanda gari nikaja hapa Mwazye kwa kisingizio cha kuvuna. Jumatatu ya tarehe 26 marehemu alikuja na pikipiki kunitafuta. Nilimwona tokea mbali akishuka, nikaingia kwenye ulezi ambao ulikuwa haujakatwa, nikachuchumaa humo, mwalimu wa miaka arobaini na minane, kiongozi wa jumuiya, namsikia mdogo wangu akiniita jina kutoka upande huu wa shamba na kutoka upande ule, nami nimeziba mdomo kwa mkono nisikohoe. Alisubiri hadi alasiri, akala ugali na mama, akamwachia maneno, "Mwambie kaka mahindi haya hayana ghala."

Nilirudi Sumbawanga tarehe 3 Julai, faida ikiwa imeisha na hasara imeanza, na badala ya kutoa kipande changu nikamsomea kanuni niliyoiandika mwenyewe, kwamba hatuuzi kwa hasara. Wiki ya tatu ya Julai bei iliinuka kidogo, nikampigia simu kumwambia unaona, naye akasema, "Kaka, hii ndiyo nafasi, nakuomba." Hakuwahi kuniomba kitu tangu utotoni. Nikamwambia tusubiri. Mkewe atawaambia jinsi siku zile alivyokuwa akitazama bei kwenye simu mezani, kanisani, kitandani, maana kuiona kila mtu aliweza, kuigusa hakuweza, akawa hali chakula akamaliza, na kila jioni alipita nyumbani kwangu kunisalimia, shikamoo kaka, anakaa, anangoja, anaondoka.

Tarehe 8 Agosti 2023, sikukuu ya wakulima, dhamana yetu, yaani fedha ya kubebea mzigo ule, iliisha na akaunti ikajifunga yenyewe, katika kila shilingi kumi ikabaki isiyofika moja. Alinipigia akasema tu, "Kaka, imekwisha," bila hata neno moja la kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwenye mkutano wa tarehe 20 Agosti mliuliza nani alizuia kuuza. Majina ya wenye funguo hayatajwi, mlimjua mmoja tu, mwenye kompyuta. Mama Josefina alinitazama huku analia. Marehemu alinitazama kwa muda mfupi, kisha akatazama chini. Mimi niliinamia daftari la kumbukumbu nikaandika, "Mwendesha akaunti ameshindwa kutoa maelezo." Daftari hilo ninalo hapa, mwandiko ni wangu, atakaye aje aone. Kuanzia siku hiyo mkamwita mwizi, naye angeweza kujitoa kwa kutaja jina moja tu, hakulitaja, aliuza kiwanja cha Chala na mashine ya kusaga akawarudishia karibu nusu, na mimi nikapokea fedha hizo kama katibu na kumwandikia stakabadhi.

Narudi kwenye karatasi. Marehemu alianza kuvimba miguu Oktoba 2023, na Februari 2024 akagundulika kuwa na shinikizo la damu la muda mrefu lililoharibu figo, akatibiwa hospitali ya mkoa Sumbawanga, baadaye akapewa rufaa ya Mbeya, ambako alisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa zaidi ya mwaka mmoja. Madaktari wanasema ni figo, mimi si daktari, nami siwabishii.

Nilimtembelea Mbeya Jumamosi ya Pasaka mwaka huu. Alikuwa amefungwa kwenye ile mashine, hawezi kuinuka kwa saa nne, akaniuliza habari za mvua, kisha akasema hana haja ya kusafishwa jina kwa watu wote, ila anaomba kitu kimoja, "Kaka, usimwache Lydia akue akijua baba yake ni mwizi. Shuleni wanamwambia." Nilimshika mkono nikaahidi. Nilirudi Sumbawanga nikakaa wiki tatu, nikimwona mtoto huyo kila asubuhi akipita karibu na dirisha la darasa langu, na sikusema. Marehemu aliaga dunia Jumatatu ya tarehe 12 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na miezi minane kasoro siku mbili, kabla sijatimiza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Sumbawanga na Mbeya, hasa wale wa chumba cha kusafisha damu waliomzoea hadi wakamwita mhasibu, nawashukuru majirani waliopika na kuchota maji siku hizi tatu, nawashukuru wafanyabiashara wenzake wa mahindi waliotoa gari la kuleta mwili, Baba Paroko kwa sakramenti, na mzee Shigela aliyeleta ng'ombe bila kuombwa, tena aliyenona.

Ni desturi msemaji atangaze kwamba anayemdai marehemu afike kwa familia. Sitatangaza hivyo. Marehemu hadaiwi. Nusu iliyobaki ni ya kwangu, ninazo ekari nane hapa Mwazye, ng'ombe wawili wa kulimia na ghala lenye mahindi ya msimu uliopita, ambayo kwa ujinga wangu uleule bado nilikuwa nayasubirisha, kamati ije ivipige bei kesho, na nyumba ya Bertilla asiiguse mtu. Mzee Adriano, nawe uliisukuma kanuni ile, lakini hilo ni lako na Mungu wako.

Lydia, mwanangu, simama watu wakuone. Mimi baba yako mkubwa nakwambia mbele ya jeneza hili, na mbele ya wote waliokuambia vingine, baba yako hakuiba. Aliona hatari kabla yetu sote, akatuomba tumfungulie mlango, nami nikajificha shambani. Ukiulizwa tena shuleni, usilie, waambie wamuulize Mwalimu Yusto, na mimi nitawajibu darasani, kila watakapouliza, hadi nitakapostaafu.

Nestory, mdogo wangu, sasa nimesema. Nimechelewa, na wewe ulichukia kuchelewa. Mungu akupumzishe kwa amani.